Karatasi za Chawa

Mwezi uliopita wanafunzi wangu wa zamani waliniita Kahama kwenye sherehe yao ya kukutana. Wengine wana mvi kunizidi. Walikodi ukumbi wenye viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe, na mshereheshaji mwenye sauti ya kuuza dawa ya panya mnadani. Baada ya kunong'onezwa na watu wa meza ya mbele, akanitangaza kwa jina ambalo sikuwa nimelisikia kwa miaka: Madamu Chawa. Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Binti aliyekuwa akinigawia soda akainama na kuniuliza kwa adabu, "Shikamoo bibi. Kwani ulikuwa chawa wa nani?" Maana siku hizi, kwa vijana, chawa ni mtu anayejikomba kwa wakubwa ili apate cha kutia mdomoni. Nikamwitikia marahaba, nikamwambia wangu walikuwa wa kichwani, wale wenye miguu sita. Hakunielewa, akaenda zake na trei.

Kisha wakaisimulia, kila mmoja akimpokonya mwenzake maneno: jinsi Madamu alivyoomba habari za mpunga intaneti, intaneti ikamletea chawa, mbele ya wageni. Wakacheka hadi machozi. Nami nikacheka kwa meno, kwa sababu mtu aliyealikwa karamu hawatii wenzake shubiri. Lakini niliporudi nyumbani sikulala vizuri siku mbili, nikawa nagombana na mjukuu wangu bila sababu. Hadithi yao inaishia pale inapochekesha. Mimi najua ilipoishia, na sijawahi kumwambia mtu.

Mwaka ule, wa mwisho kabla ya kuingia elfu mbili, nilikuwa nafundisha sekondari moja nje kidogo ya Ushirombo. Niliajiriwa kufundisha Jiografia. Mwalimu wa Kilimo alipohama bila kuaga, mkuu wa shule, Bwana Mashauri, aliniita akaniambia kwamba Jiografia ni ardhi na Kilimo ni ardhi, kwa hiyo somo ni lile lile. Nikapewa kitabu kimoja cha Kilimo kwa darasa zima. Kilikuwa hakina jalada, na kilianzia ukurasa wa kumi na saba. Nilikifundisha hivyo hivyo kuanzia hapo, na hadi leo kurasa kumi na sita za kwanza sizijui zilisema nini. Darasa la Kidato cha Tatu lilikuwa la mwisho upande wa kusini, madirisha matundu tu, na mvua ikinyesha tulikuwa tunanyamaza sote tukiangaliana mpaka bati liache kelele. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nina hasira za karibu, na nilidhani kila kitu kinachokosekana kinakosekana kwa makusudi.

Mwezi wa nne, wakati mpunga unapotoa masuke, msichana mmoja aitwaye Regina alikuja na suke, pamoja na bua lake, ndani ya daftari. Suke lilikuwa jeupe kabisa, limesimama wima kwa sababu halikuwa na kitu ndani. Akasema nusu ya majaruba ya baba yake yako hivyo. Niliuliza kama bwana shamba amekwenda kuona, akasema bwana shamba pikipiki yake ni mbovu tangu Krismasi. Nikauliza baba anasemaje. Regina akatazama mlangoni kwanza. Halafu akasema polepole, "Baba anasema kuna mkono wa mtu."

Mtu wa kwetu hahitaji kuongezewa maneno hapo. Mtu mwenyewe alikuwa shangazi yake Regina, mjane aliyerudi kwao na kujengewa kijumba uani, ambaye alikuwa na jaruba moja pembeni ya yale ya kaka yake, na la kwake, kwa bahati mbaya yake, lilikuwa limesalimika. Walikuwa wameacha kula naye. Regina ndiye aliyekuwa akimpelekea ugali kwa kificho, na ndiye aliyeniambia kitu kilichoniingia: baba yake hawezi kumsikiliza mwalimu wa kike asiye na hata bustani ya mchicha, lakini karatasi anaiheshimu. Ana sanduku la karatasi ambazo hajui kuzisoma. "Ukipata karatasi inayosema ni ugonjwa, Madamu, nitamsomea mimi." Nilimwahidi karatasi. Niliahidi kwa mdomo mpana, kama mtu anayejua atakakoitoa.

Leo ninajua, na mtoto yeyote mwenye simu anaweza kujua kabla chai haijapoa, kwamba ningechukua bua la mpunga ule, nikalipasua kwa wembe, ningemkuta funza ndani au tundu alimopita. Wembe nilikuwa nao. Nilikuwa nachongea penseli. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwamba jibu lilikuwa ndani ya bua, na bua lilikuwa mezani kwangu siku tatu likikauka, mpaka nikalitupa.

Karatasi niliyoiwaza ilikuwa ya intaneti. Mjini Kahama kulikuwa na mama mmoja wa Kihindi, Mama Bhavesh, mwenye duka la vifaa vya shule na vipuri vya baiskeli, na nyuma ya duka, kwenye chumba chenye harufu ya ubani na raba mpya, alikuwa na kompyuta iliyounganishwa na waya wa simu. Jumamosi moja moja nilipanda basi nikaenda. Kifaa cha kuunganishia kilikuwa kikilia kama bata anayekabwa, kisha kimya, kisha kama Mungu amependa ukurasa ukaanza kuteremka mstari kwa mstari. Mama Bhavesh alikuwa akisoma kwa sauti huku amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, na printa ikitoa karatasi alizipanga kwenye bahasha na kuandika juu yake somo, kwa mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu yeyote wa shule yetu. Nilikuwa nimeshapata kwake habari za volkano na za majangwa. Nilizibandika ukutani, wanafunzi wakazisoma mpaka pembe zikakunjika. Wale watoto walikuwa wanajua kwamba duniani kuna kitu unaweza kukiuliza nacho kikajibu, na hilo halikuwa dogo.

Wakati huo huo kambi moja ya watafiti wa madini, upande wa Bugarama, ilitangaza kwamba itatoa kompyuta kwa shule moja, na kwamba shule hiyo itaruhusiwa kupeleka maswali yake kwenye disketi mara mbili kwa wiki, kambi iyatume kwa dishi lake na kurudisha majibu. Shule ingechaguliwa kwa kuona mwalimu akifundisha kwa karatasi za intaneti. Tukapewa tarehe ya mwezi wa tano, na mimi nikapanga somo liwe mpunga, masuke meupe, ili Regina apate karatasi yake na darasa lipate kompyuta. Jumanne moja ya mwezi wa nne, Bwana Mashauri akaingia ofisi ya walimu tukila matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha, na karanga, akasema wageni wamebadilisha, wanakuja keshokutwa. Nilimwambia karatasi sina. Akasema, "Wewe si ndiye mwenye intaneti?" Akachukua karanga zangu akaondoka.

Barabara ya Kahama ilikuwa tope, na kama ningeondoka nisingewahi kurudi. Simu haikuwepo. Kilichokuwepo ni redio ya misheni, iliyokuwa ikizungumza kila asubuhi na redio ya misheni ya Kahama, jirani kabisa na duka la Mama Bhavesh. Nikaandika ombi langu kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa, kwa sababu hivyo ndivyo kompyuta ilivyotaka kuulizwa: RICE, INSECTS, WHITE HEADS. Mpunga, wadudu, masuke meupe. Kwa Kiingereza suke huitwa kichwa. Nikampelekea mzee Luhende, mtu wa redio, mwungwana aliyeifanya kazi hiyo tangu mapadre wakiwa na ndevu nyeusi. Aliyasoma maneno yale mara mbili, akaniambia nisiwe na wasiwasi, mayu, yaani mama, yatafika kama yalivyo.

Sasa, mimi ni Msukuma na simcheki Msukuma mwenzangu. Nilipofika chuo cha ualimu nilikuwa nasema Laisi wa Jamuhuli ya Muungano, na mkufunzi mmoja alinisimamisha mbele ya darasa mpaka ulimi ukanyooka. Mzee Luhende hakuwahi kusimamishwa na mtu. Kwake R na L zilikuwa mtu mmoja na mdogo wake. Akabonyeza kitufe akasema "laisi". Mama Bhavesh, aliyeitwa kutoka dukani kuja kusikiliza, alikuwa anakijua Kiingereza vizuri, na hilo ndilo lililotumaliza. Angekuwa hakijui angeuliza tena. Alisikia "lice", yaani chawa. Akauliza kupitia kwa kijana wa redio, ni wadudu? Mzee Luhende akajibu kwa furaha, ndiyo, wadudu, mwalimu ameandika wadudu, na vichwa vyeupe. Mama mzima aliyelea watoto anasikia chawa, wadudu, vichwa vyeupe: akaona mayai ya chawa kwenye nywele. Nani angemlaumu? Alimhurumia mwalimu mwenye wanafunzi wa bweni, akatafuta jioni nzima, akachapa kurasa ishirini na mbili.

Bahasha ilifika Alhamisi kwa basi la asubuhi. Kondakta aliniletea hadi ofisi ya walimu, wageni wakiwa tayari wameketi nyuma ya darasa: ofisa mmoja wa elimu, mnene, mwenye leso shingoni, na bwana mmoja wa kambini aliyekuwa akitabasamu kwa kila kitu. Juu ya bahasha mwandiko mzuri uliandika, CHAWA. Nilidhani ni jina la mtu. Nikafungua, na ukurasa wa kwanza ukawa na picha ya chawa mkubwa kama kiganja, miguu yote na kucha zake. Nilikaa chini. Mwalimu wa Hisabati akachungulia, akatoka nje ili acheke huko.

Ningeweza kwenda darasani nikafundisha kwa kichwa, nikapepea karatasi zile kwa mbali kama mchungaji anavyopepea hotuba aliyoikariri. Wenzangu walinishauri hivyo. Sikutaka. Niliingia nikawaambia darasa ukweli: niliuliza mpunga, nimeletewa chawa, na hii hapa sababu. Nikaandika ubaoni neno la kwanza, nikafuta R, nikaweka L, nikawaambia mashine haina akili ya kujua umekusudia nini, inajua ulichosema tu, kwa hiyo jibu likija kazi yako ya kwanza ni kuangalia kama ni jibu la swali lako. Nadhani hadi leo sijawahi kufundisha jambo la maana zaidi ya hilo. Lakini darasa lilikuwa limeshaona picha. Wa bweni walianza kujikuna, wa kutwa wakaanza kusogea mbali nao, kicheko kikapanda hadi kwenye bati. Ofisa akainua leso, akauliza somo la leo kwa mujibu wa muhtasari ni lipi. Nikasema mpunga. Akaandika kitu kirefu. Hapo Regina akasimama. Hakuwa akicheka.

"Madamu, kwa hiyo jibu la mpunga halijaja?"

Nikasema halijaja. Akakaa.

Ofisi ya walimu na ofisi ya mkuu zilitenganishwa na ukuta usiofika juu, kwa hiyo tulisikia chakula cha mchana cha wageni chote, wali na kuku wa kienyeji, mifupa ikigongwa kwenye sahani. Nilikaa na chai yangu baridi nikisikiliza hatima yangu. Ofisa akasema mwalimu ana juhudi ila hana mpangilio. Bwana wa kambini akasema kwa Kiswahili chake cha kujifunza kwamba yeye amependa, ameona wanafunzi wanafikiri. Nikashika kikombe vizuri. Ndipo nikamsikia Bwana Mashauri, kwa sauti ya mtu anayemtafunia mgeni: walimu ni vijana, wanakuja na kuondoka, kompyuta inataka mtu wa kuitunza, yeye ana ofisi yenye dari na kufuli mbili. Ofisa akasema hilo ndilo la msingi. Wakaongezewa mchuzi. Hivyo ndivyo tulivyoipata kompyuta. Shule ilishinda, na mimi nilishindwa, mchana ule ule, kwa sahani ile ile ya wali.

Ilikuja mwezi wa sita. Ikawekwa ofisini kwa mkuu, ikafunikwa vitambaa vilivyodariziwa na mkewe, kimoja cha kioo, kimoja cha kibodi, na kimoja kirefu cha kile kisanduku chake. Nilipokwenda na disketi ya maswali ya Kidato cha Tatu, Bwana Mashauri alinitazama kwa upole, jambo lililoniudhi zaidi. Aliniambia jenereta haiwashwi mchana. Nikasema nitakuja jioni. Akasema jioni ofisi imefungwa. Kisha akasema, "Mwalimu, tumeshachekwa na wilaya nzima. Tupumzike kidogo na hiyo intaneti yako." Na nikatoka.

Hapa ndipo hadithi yangu inapoanza kunichoma, kwa sababu hadi hapo wakosaji ni wengine. Ningeweza kupanda basi Jumamosi yoyote. Barabara ilishakauka. Mama Bhavesh alikuwepo na waya wake wa simu. Sikwenda. Nilinuna. Nilikuwa nimeshaitwa Madamu Chawa hadi sokoni, na sikutaka kuingia kwenye lile duka na kumwona mama wa watu akiniomba radhi. Niliwaambia rafiki zangu kwamba mfumo umenikatisha tamaa. Mpunga ukavunwa, mabua yakabaki majarubani, na Regina hakuniuliza tena. Mara moja nilimkuta akifunga kiporo cha ugali kwenye jani la mgomba, nikajifanya natazama saa.

Mwaka ukageuka. Mwezi wa pili, Bwana Mashauri alinituma nitoe barua ya uhamisho wa mwanafunzi kwenye jalada la Mawasiliano ya Nje, lililokuwa kwenye rafu nyuma ya ile kompyuta na vitambaa vyake. Nilipokuwa nikipekua nikakutana na mwandiko ninaoujua. Ulikuwa wa Mama Bhavesh, barua fupi: Mzee Luhende amerudi hewani jioni ya Alhamisi, nimeelewa sasa, ulitaka mpunga, nisamehe mwalimu, hizi ndizo, usilipe chochote. Nyuma yake kurasa sita. Ya kwanza ilikuwa na mchoro wa bua lililopasuliwa na funza amelala ndani. Ilieleza kwamba funza huyo hukata suke kwa chini, likakauka jeupe. Kwamba baada ya mavuno hubaki ndani ya mabua akisubiri mvua. Kwamba mkulima akate mabua chini kabisa, ayachome au alime kabla ya msimu, na kwamba mpunga uliopandwa mapema huweza kusalimika hata kama wa jirani umekufa. Juu ya barua kulikuwa na muhuri wa shule, wa wino wa zambarau, IMEPOKELEWA, na tarehe. Ilikuwa Ijumaa ile ya mwezi wa nne, siku moja baada ya somo langu la chawa.

Nilimwonyesha Bwana Mashauri. Hakushtuka. Alisema ilikuja kwa jina la mkuu wa shule, kondakta alimpa yeye, akaipokea kwa utaratibu, akaitunza. "Si hiyo hapo?" akasema. "Imepotea?" Na kwa kweli haikuwa imepotea hata karatasi moja. Kisha akaniambia, huku akipanga kalamu zake, kwamba majina ya walimu wa kwenda kozi ya shahada yanaondoka kwake wiki ile, na kwamba angependa shule iendelee kuwa na utulivu.

Niliingia darasani na kurasa sita. Sasa walikuwa Kidato cha Nne. Niliwatuma wang'oe mpunga uliodumaa kwenye jaruba la nyuma ya shule, nikatoa wembe, nikapasua bua mbele yao. Funza alikuwemo, mweupe, ana mistari mgongoni, akajikunja kwa mwanga. Hakuna aliyecheka. Walipokezana bua lile dawati hadi dawati, na wavulana wawili wakatoka kwenda kung'oa mengine bila kuomba ruhusa. Lilikuwa somo zuri kuliko yote niliyowahi kufundisha, na nilikuwa nalifundisha mpunga mwingine ukiwa umeshapandwa juu ya mabua ya mwaka uliopita. Bua likamfikia Regina. Alimtazama yule funza muda mrefu. Kisha akauliza kama angeweza kwenda na karatasi nyumbani, nikasema ndiyo, achukue zote, achukue na barua ya Mama Bhavesh—hapo nikakumbuka muhuri, nikaivuta barua nikaikunja mfukoni.

"Zimefika lini, Madamu?"

Ukuta wa ofisi ya mkuu ulikuwa ng'ambo ya ua, dirisha lake wazi. Nilikuwa na jina langu kwenye karatasi yake ya kozi na karatasi yenye muhuri wake mfukoni mwangu.

"Zimefika jana," nikasema.

Regina akazipanga vizuri, pembe juu ya pembe, akaziweka ndani ya daftari. "Basi si kosa la mtu," akasema. "Ningesema zimechelewa mahali. Maana shangazi walimfukuza mwezi wa kumi, wakakibomoa na kijumba. Hatujui alielekea wapi." Kisha akainama kidogo, kama walivyofundishwa nyumbani, akanishukuru kwa kuitimiza ahadi.